Kuona kiunzi cha seli: namna ya kupaka rangi aktini na mikrotubuli bila kuziharibu

Kiunzi cha seli ya mnyama, yaani nyuzi za protini zinazoipa seli umbo, hakitulii kama mifupa inavyotulia. Hujengwa na kubomolewa saa zote. Mikrotubuli moja hurefuka mikrometa 10 hivi kwa dakika, hukaribia utando wa seli, halafu huporomoka ghafla na kufupika kwa kasi kuliko ilivyorefuka. Tim Mitchison na Marc Kirschner waliieleza tabia hiyo mwaka 1984, na kila anayetaka kukipiga picha kiunzi hiki hukutana nayo. Unataka kukisimamisha kitu ambacho hakijazoea kusimama, tena kabla hakijahisi kuwa kimeguswa.

Kwa hiyo mwongozo huu utakawia kwenye hatua moja, ya kufiksi, yaani kuzifunga protini mahali pale pale zilipo. Hatua nyingine ukikosea unaweza kurudia au kurekebisha. Hii ukikosea, umeshaipoteza seli.

Kazi yenyewe ni kuotesha seli juu ya kioo, kuzipaka mikrotubuli kijani, aktini nyekundu na kiini bluu. Baada ya hapo kuna jaribio dogo la kuvunja mikrotubuli na kuziacha ziote upya, ambalo linaonyesha waziwazi kiunzi kinaanzia wapi na nani anakipanga. Upakaji rangi huchukua saa 5 hivi ukishakuwa na seli tayari.

Unachokitafuta

Nyuzi ni za aina tatu. Nyuzi za aktini zina unene wa nanometa 7, nyuzi za kati (vimentini, keratini, lamini) nanometa 10, na mikrotubuli ni mirija ya nanometa 25 ambayo kwa kawaida ina safu 13 za protini iitwayo tubulini. Nyuzi za kati ndizo shupavu zaidi, hazina ncha ya mbele wala ya nyuma, na hazitumii ATP wala GTP (molekuli za nishati za seli) kujiunga. Leo tunaziacha.

Aktini na tubulini zina shida moja inayofanana: kuanza. Molekuli za aktini zinapokutana mbili huachana upesi. Uzi hushika pale zinapofika tatu au nne. Seli huitumia shida hiyo kama kufuli. Protini zenye ufunguo wa kuanzisha uzi ndizo zinazoamua uzi uote wapi na uelekee wapi. Kwa aktini kuna Arp2/3, inayopachika tawi jipya ubavuni mwa uzi wa zamani kwa pembe ya digrii 70 hivi, na formini, zinazotoa nyuzi ndefu zisizo na matawi. Kwa mikrotubuli kuna pete ya gamma-tubulini, ambayo katika seli nyingi za mnyama hukusanyika kwenye sentrosomu, kituo cha kuanzishia mikrotubuli karibu na kiini. Kaa na picha hiyo kichwani unapofanya kazi, maana kila dosari ya maabara huja ikijifanya mpangilio wa kweli.

Hatua ya 1: vioo na seli

Tumia kavaslipu (vioo vyembamba) za mviringo za milimita 12, namba 1.5, yaani unene wa milimita 0.17. Lenzi nzuri za mafuta zimetengenezwa kwa unene huo. Ukiweka namba 1 kwa sababu ndizo zilizopo stoo, picha inafifia na utailaumu kingamwili (protini inayoishika shabaha yake ili rangi ikae hapo) bure. Zioshe kwa ethanoli ya asilimia 70, ziache zikauke, uziweke moja moja kwenye visima vya sahani ya visima 24.

Zipake poli-L-lisini ya miligramu 0.1 kwa mililita kwa dakika 10, uzisuuze kwa maji safi mara 3. Ukitaka kuona mishipi minene ya aktini na vishikizo vyake, tumia fibronektini ya mikrogramu 10 kwa mililita kwa saa moja badala yake. Poli-L-lisini hushika seli kwa chaji ya umeme tu, ilhali fibronektini hushikwa na integrini, protini za utando wa seli, nazo ndizo zinazoita protini za talini, vinkulini na aktini zijipange hapo.

Aina za seli za maabara ziitwazo U2OS au COS-7 zinafaa sana kwa sababu ni bapa na pana. HeLa zinawezekana, ila ni nene na zinapenda kubanana. Panda seli 20,000 hadi 30,000 kwa kila kisima, uziache usiku kucha. Siku ya kazi kioo kiwe kimefunikwa nusu hivi. Seli zilizosongamana hazitandazi kingo zake, na kingo ndiko aktini inakoonyesha kazi yake.

Hatua ya 2: bafa

Bafa (myeyusho unaoshikilia pH) ya mikrotubuli huitwa BRB80: PIPES milimola 80, magnesiamu kloraidi milimola 1, EGTA milimola 1, pH 6.8. Tengeneza iliyokolea mara 5, mililita 100:

- PIPES gramu 12.1
- EGTA gramu 0.19
- magnesiamu kloraidi yenye maji sita gramu 0.10
- potasiamu haidroksaidi ya kurekebishia pH, kisha maji hadi mililita 100

PIPES ikigoma kuyeyuka usidhani imeharibika. Hubaki kama unga mweupe majini mpaka pH ipande, kisha inasafika mbele ya macho yako. Ongeza potasiamu haidroksaidi polepole huku ukikoroga. EGTA ipo kwa sababu kalsiamu huvunja mikrotubuli, na EGTA huikamata kalsiamu.

Dawa ya kufiksi itengenezwe siku hiyo hiyo. Kwa mililita 4 changanya mililita 1 ya fomaldehaidi ya asilimia 16 kutoka ampuli iliyofunguliwa karibuni, mililita 0.8 ya BRB80 iliyokolea, mililita 2.2 za maji na mikrolita 16 za glutaraldehaidi ya asilimia 25. Unapata fomaldehaidi asilimia 4 na glutaraldehaidi asilimia 0.1. Fanyia haya ndani ya kabati la kufyonza hewa, ukiwa na glavu na miwani. Glutaraldehaidi huunguza macho na mapafu, na mabaki yote yaende kwenye chupa ya taka za kemikali, si kwenye sinki.

Kama una unga wa parafomaldehaidi badala ya ampuli, upashe ndani ya maji kwa 60°C na uongeze matone ya sodiamu haidroksaidi mpaka maji yawe maangavu. Usivuke 70°C. Chuja, poza, rekebisha pH.

Hatua ya 3: kufiksi

Pasha dawa ya kufiksi hadi 37°C kabla seli hazijatoka kwenye inkubeta. Weka chupa, pipeti na sahani karibu kiasi kwamba mkono hausafiri. Fungua inkubeta, nyonya chakula cha seli, mimina dawa mikrolita 500 ukilenga ukuta wa kisima, si katikati ya kioo. Haya yote yaishe ndani ya sekunde 10 kwa kila kisima. Fanya visima viwili viwili. Usinyonye visima vyote 24 kisha urudi wa kwanza, kwa maana huo umeshaanza kukauka.

Usisuuze seli kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti) kabla ya kufiksi. Mazoea haya ndiyo yanayoharibu picha nyingi kuliko kosa lingine lolote. PBS iliyotoka friji ina 4°C, na mikrotubuli nyingi za seli za mamalia huanza kuvunjika kwenye baridi ndani ya dakika chache. Hata PBS ya joto la chumba inazishtua. Kama seramu ya kwenye chakula inakusumbua, suuza kwa BRB80 iliyopashwa 37°C, mara moja, haraka.

Acha dakika 12. Itifaki nyingi husema ufanye hivi kwenye joto la chumba na humaanisha 20 hadi 25°C. Maabara isiyo na kiyoyozi Mombasa au Dar es Salaam huvuka 30°C mwezi wa Februari. Kwa kufiksi hilo halina ubaya, lakini baadaye kwenye kingamwili matone yatakauka upesi, kwa hiyo funika vizuri.

Kuna njia ya pili, methanoli ya -20°C kwa dakika 5 hadi 10. Hii huondoa maji, huzigandisha protini na kutoboa utando kwa mpigo mmoja. Mikrotubuli na sentrosomu hutoka safi kabisa. Aktini hutoweka machoni, si kwa sababu imekwenda, bali kwa sababu faloidini, kemikali tunayoipakia rangi nyekundu ya aktini, hutambua uzi wa aktini ulio katika umbo lake halisi tu, na methanoli huliharibu umbo hilo. Ukiona mikrotubuli nzuri na chaneli nyekundu tupu, uliza kwanza seli zilifiksiwa kwa nini.

Hatua ya 4: kuzima glutaraldehaidi, kutoboa na kuziba

Glutaraldehaidi hung'aa yenyewe na kufanya picha nzima iwe ukungu wa kijani. Izime kwa sodiamu borohaidraidi, miligramu 1 kwa mililita ya PBS, iliyoyeyushwa papo hapo, dakika 10. Vipovu vitapanda, ni gesi ya haidrojeni, basi usifunge kifuniko cha chupa kwa nguvu. Vipovu huinua kavaslipu na kuzielekeza juu. Zikandamize taratibu kwa ncha ya koleo. Suuza kwa PBS mara 3.

Toboa utando kwa sabuni ya Triton X-100 asilimia 0.2 ndani ya PBS, dakika 8. Kisha ziba sehemu ambazo kingamwili ingenata ovyo, kwa albumini ya ng'ombe asilimia 3, dakika 45. Hapa hakuna cha kuzidisha maneno.

Hatua ya 5: kingamwili na faloidini

Usitumie mililita ya kingamwili pale tone linapotosha. Tandaza Parafilm (karatasi laini ya nta) ndani ya sahani kubwa, weka karatasi iliyolowa maji pembeni, dondosha tone la mikrolita 30, kisha laza kavaslipu juu yake, upande wa seli ukitazama chini. Kwa kavaslipu 10 unahitaji mikrolita 300, tengeneza 330.

Kingamwili ya kwanza: DM1A, ya panya, dhidi ya alfa-tubulini, kwa uwiano wa 1:500. Izungushe kwenye sentrifuji kwa 13,000 × g dakika 10 kabla ya kutumia, uchukue ya juu tu. Mabonge ya kingamwili hutua kwenye kioo na kung'aa kama nyota, na mwanafunzi mgeni huyahesabu kuwa sentrosomu. Acha saa moja. Suuza mara 3, dakika 5 kila mara.

Kingamwili ya pili: ya mbuzi dhidi ya panya, yenye rangi ya kijani ya 488, kwa 1:500. Humo humo weka faloidini nyekundu ya 568 kwa nanomola 165. Faloidini hutoka kwenye uyoga wa Amanita phalloides na ni sumu. Kiasi cha maabara ni kidogo, hata hivyo vaa glavu. Dakika 45 gizani. Halafu DAPI, rangi ya bluu ya kiini, mikrogramu 1 kwa mililita, dakika 5. Suuza mara 3, chovya mara moja kwenye maji safi ili chumvi isigande, gusisha ukingo wa kioo kwenye karatasi.

Bandika kwenye slaidi kwa mikrolita 5 za glisirini ya asilimia 90 yenye propili galati ya kuzuia rangi isififie, kisha ziba kingo kwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Kamilisha picha ndani ya wiki moja. Faloidini haijaungwa kwa kifungo cha kudumu na hujitoa kidogo kidogo, wakati kingamwili hudumu zaidi.

Usisahau kavaslipu moja isiyo na kingamwili ya kwanza, na nyingine tatu zenye rangi moja moja. Bila hizo huwezi kujua kama kijani unachokiona ni tubulini au ni nyekundu iliyovuja kwenye chujio.

Hatua ya 6: kwenye hadubini

Lenzi ya mara 60 au 63, ya mafuta, yenye NA (uwezo wa kukusanya mwanga) 1.4. Pikseli ziwe nanometa 70 hadi 100, hatua za kwenda chini mikrometa 0.3. Punguza mwanga mpaka pikseli yenye nguvu kabisa ibaki chini ya kikomo. Kwa kamera ya biti 12 kikomo ni 4,095, basi simama karibu na 3,000. Hifadhi faili asilia kabla ya kurekebisha chochote. Fiji ni programu ya bure na inatosha kwa vipimo vyote vya hapa.

Kumbuka kwamba hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko nanometa 200 hivi. Mikrotubuli ya nanometa 25 itaonekana na unene wa nanometa 200 na zaidi. Mstari mmoja huenda ni mikrotubuli tatu zilizolala pamoja. Usihesabu kamwe mikrotubuli katikati ya seli. Hesabu pembeni, zinapoachana.

Tazama chaneli nyekundu kwa utulivu. Ukingoni mwa seli inayosogea kuna mkanda unaong'aa, wa mikrometa chache, usio na nyuzi zinazoonekana moja moja. Huo ni wavu wa Arp2/3, mnene mno kwa hadubini hii. Yanayochomoza kama vidole ni mafungu ya formini yaliyofungwa na fasini. Mishipi minene inayokata seli ni aktini iliyoshikizwa na alfa-aktinini na kuvutwa na miosini ya aina ya II. Fuata mshipi mmoja hadi mwisho na utaona unaishia kwenye kishikizo chini ya seli. Mwaka 1992 Anne Ridley na Alan Hall walionyesha kuwa protini ya Rho huleta mishipi hiyo, na protini ya Rac huleta mkanda wa ukingoni. Ukitaka kuhakikisha kwamba mishipi yako ni ya kweli, wape seli Y-27632 mikromola 10 kwa dakika 45 kabla ya kufiksi. Dawa hiyo huzuia kimeng'enya cha ROCK kilicho chini ya Rho. Mishipi ya katikati hulegea na kupotea, mkanda wa ukingoni hubaki.

Hatua ya 7: kuvunja na kuotesha upya

Hili ndilo jaribio linalomwonyesha mpangaji akiwa kazini. Andaa kavaslipu 5. Weka nokodazoli, dawa inayovunja mikrotubuli, mikromola 10 (mikrolita 1 ya milimola 10 kwa kila mililita ya chakula) kwa saa moja kwenye inkubeta, kisha hamishia sahani kwenye barafu dakika 30, dawa ikiwa bado ndani. Dawa peke yake huacha mikrotubuli sugu, hasa zenye asetili, baridi huzimalizia. Kavaslipu ya tano ipewe DMSO (kiyeyushi cha dawa hiyo) asilimia 0.1 tu na ibaki kwenye inkubeta. Chakula kiwe na bafa ya HEPES milimola 20, la sivyo nje ya inkubeta kitageuka zambarau na pH itapanda.

Suuza kwa chakula baridi mara 4 ili dawa itoke. Fiksi kavaslipu ya kwanza hapo hapo: hiyo ni dakika sifuri. Nyingine zihamishie kwenye chakula cha 37°C, uzifiksi baada ya dakika 1, 3 na 10. Hapa tumia methanoli ya -20°C, na badala ya faloidini weka kingamwili ya sungura dhidi ya perisentrini, protini ya sentrosomu, pamoja na kingamwili ya pili dhidi ya sungura yenye rangi nyekundu, ili sentrosomu ijulikane kwa hakika.

Dakika sifuri seli ina ukungu wa tubulini na nukta moja au mbili nyekundu. Dakika 1 nyota ndogo ya kijani huchanua juu ya nukta hiyo. Dakika 3 miale ina mikrometa kadhaa. Dakika 10 mtandao umekaribia kurudi. Katika seli kadhaa utaona pia vipande vifupi vinavyoota mbali na sentrosomu. Usivifute, maana golgi, sehemu ya seli inayopakia protini, nayo huanzisha mikrotubuli, na katika seli za RPE1 jambo hili ni kubwa.

Kupima, chora duara la mikrometa 5 juu ya sentrosomu ndani ya Fiji, chukua mwangaza wa tubulini, toa ule wa duara kama hilo pembeni. Fanya seli 50 kwa kila wakati, ukizichagua kwa kuangalia chaneli ya DAPI peke yake. Anayechagua kwa chaneli ya kijani atachagua nyota nzuri bila kujua.

Yanapoharibika

Mikrotubuli zimekatika kama shanga: fomaldehaidi ni ya zamani, au seli zilipoa kabla ya kufiksi. Chupa ya fomaldehaidi iliyokaa miezi wazi hutoa picha hizi hizi, na hakuna kingamwili itakayoziokoa.

Dakika sifuri ina ukungu mzito unaoficha nyota za dakika 1: tubulini huru imebaki nyingi. Kabla ya kufiksi, pitisha Triton X-100 asilimia 0.2 ndani ya BRB80 kwa sekunde 30, tubulini huru itoke na iliyojiunga ibaki. Zisizidi sekunde 30. Zikizidi hata nyota zenyewe huanza kuliwa. Ukifanya hivi, zifanyie kavaslipu zote, pamoja na ile ya DMSO.

Dakika sifuri tayari ina nyota: ulichelewa. Suuza ya mwisho ilikuwa na joto, au sahani ilitoka kwenye barafu ili upate nafasi ya mkono. Fiksi ukiwa umeishikilia kwenye barafu.

Seli zimejikunja kuwa duara na aktini imeng'aa pande zote: zilikauka, au pipeti ilizipiga katikati. Angalia kama ni upande mmoja wa kioo tu. Ikiwa ndivyo, upande ule mwingine bado unafaa kupigwa picha.

Seli moja ni duara safi na majirani zake wote wametanda: usiitupe. Tazama DAPI. Ikiwa kromosomu zimejipanga mstari katikati na mikrotubuli zinatoka ncha mbili kuzifuata, seli hiyo imefiksiwa ikiwa kwenye mitosisi, yaani ikigawanyika.